Kiberiti Upande wa Kushoto

KAKA: Haloo? Haloo! Unanipata?

FUNDI: Nakupata. Nani mwenzangu?

KAKA: Ina maana namba yangu umeifuta?

FUNDI: Hapa ni dukani, wanapiga wengi. Nani?

KAKA: Kaka yako.

FUNDI: Kaka yangu yupi?

KAKA: Kwani unao wangapi?

FUNDI: Ninaye mmoja, ila huyo hapigi simu. Huyo hutuma picha ya kidole gumba. Nimefungua duka, kidole gumba. Mama kalazwa, kidole gumba. Sauti yake nishaisahau.

KAKA: Aa, Bisibisi, usianze. Hamjambo huko?

FUNDI: Hatujambo. Shida yako nini?

KAKA: Loo! Hata salamu haijapoa!

FUNDI: Ilikuja imepoa. Sema haraka, nina mashine ya mtu mezani iko wazi tumbo nje.

KAKA: Ni ile laptopu. Ile kuukuu uliyonipa.

FUNDI: Niliyompa mwanao asomee.

KAKA: Yuko bweni, kule haimsaidii kitu. Sasa imekorofisha. Skrini inapepesa, inapepesa, mpaka kichwa kinauma.

FUNDI: Ahaa. Kwa hiyo leo kazi ya kuchezea nyaya imekuwa kazi.

KAKA: Nani kasema kuchezea nyaya?

FUNDI: Wewe. Mbele ya watu, siku naaga kwenda chuo. "Dada yenu anakwenda kusomea bisibisi." Ukoo mzima ukacheka, na jina likanibaki.

KAKA: Miaka ishirini hiyo! Mtu una kinyongo kama—

FUNDI: Inapepesa saa zote?

KAKA: Eh?

FUNDI: Skrini. Ukiiwasha tu, au baada ya muda? Ukiandika? Ukitazama picha?

KAKA: Hapana, kuandika haina neno. Kwenye gemu tu.

FUNDI: Kwenye nini?

KAKA: Gemu.

FUNDI: Mwanamume wa miaka arobaini na tisa.

KAKA: Si gemu la kitoto, bwana. La malori.

FUNDI: Ngoja. Ngoja nivute kiti nikae. Dereva wa malori anatoka barabarani, anarudi nyumbani, anajifungia chumbani kuendesha lori la katuni.

KAKA: Cheka, ukimaliza uniambie.

FUNDI: Sicheki. Nasikitika. Na unaendeshea wapi, kitandani?

KAKA: Kitandani.

FUNDI: Juu ya blanketi?

KAKA: Juu ya mto.

FUNDI: Yesu na Maria— juu ya mto! Mashine ya miaka kumi na moja, feni yake inapumulia chini, wewe unaiziba pua na mto. Ingekuwa mtoto ungekuwa jela.

KAKA: Sikujua.

FUNDI: Utajua nini wewe? Iondoe. Weka mezani. Sasa hivi, nasubiri.

[mkwaruzo wa laini]

KAKA: Iko mezani.

FUNDI: Weka kiganja chini yake. Inachoma?

KAKA: Uvuguvugu tu.

FUNDI: Uvuguvugu? Huna uhakika? Kiganja ni chako.

KAKA: Nimekwambia uvuguvugu! Kama chai iliyosahaulika.

FUNDI: Basi si joto. Chaja imechomekwa?

KAKA: Ndiyo.

FUNDI: Ichomoe. Mashine kuukuu ikibadilisha umeme na betri huwa inapunguza mwanga, mtu anadhani kaona mzimu. Cheza kidogo kwa betri, uniambie.

KAKA: Hilo nimelifanya. Kwa chaja na kwa betri. Inapepesa vilevile.

FUNDI: Ndani ya gemu, kwenye mipangilio, kuna mahali pa kufunga kasi ya picha. Ukiiacha wazi, picha zinakanyagana.

KAKA: Nilifunga. Picha sitini kwa sekunde.

FUNDI: Nani kakufundisha?

KAKA: Yule fundi wa kona.

FUNDI: Fundi wa kona.

KAKA: Nilimpelekea wiki iliyopita. Alibadilisha waya wa skrini, akasema wa zamani umechoka.

FUNDI: Una dada fundi, unampelekea mtu anayetengeneza simu, redio, pasi na miavuli.

KAKA: Yuko karibu.

FUNDI: Mimi niko mbali? Nauli ya kuja huku inamshinda mtu mwenye lori? Sema ukweli. Uliona haya kuja kusema mbele yangu "gemu langu limeharibika."

KAKA: Sasa utanisaidia, au nikate?

FUNDI: Kata. Salio ni lako.

KAKA: Bisibisi.

FUNDI: Nipo.

KAKA: Nataka ipone kabla ya Jumatatu.

FUNDI: Jumatatu kuna nini? Kombe la malori ya katuni?

KAKA: Nina shughuli zangu.

FUNDI: Sawa. Eleza huko kupepesa. Si "inapepesa, inapepesa." Skrini nzima inazima na kuwaka? Inakuwa na mistari? Rangi zinaruka?

KAKA: Haizimi. Ni pembeni tu. Mwanga, chap! Halafu umekwenda. Kama... kama mtu anawasha kiberiti pembeni.

[kimya]

KAKA: Haloo?

FUNDI: Umesemaje?

KAKA: Nimesema kama mtu ana—

FUNDI: Nimesikia.

KAKA: Sasa mbona unauliza?

FUNDI: Upande gani?

KAKA: Kushoto.

FUNDI: Kushoto. [mbali na simu] Hapana, Mama, ni mteja. Mteja tu.

KAKA: Mama yupo hapo?

FUNDI: Siku zote yupo hapa. Ananikunjia nyaya. Ananipangia kwa vidole, nene huku, nyembamba huku, hakosei hata moja.

KAKA: Macho yake je?

FUNDI: Lile lililobaki linatofautisha mlango na dirisha. Ungekuja ungemwuliza mwenyewe.

KAKA: Safari zilikuwa nyingi.

FUNDI: Kumbe. Na sasa hivi mbona huko safarini? Leo Ijumaa, saa tano asubuhi, uko chumbani na mto.

KAKA: Niko likizo.

FUNDI: Tajiri yako anatoa likizo? Yule aliyekuita msibani kwa baba ukapakie saruji?

KAKA: Siku hizi amebadilika.

FUNDI: Kaka. Mimi kazi yangu ni kutafuta kitu kilichoharibika. Mtu akinificha, nafungua tumbo mpaka nikione. Jumatatu kuna nini? Usiposema, nakata mimi.

[laini inakwaruza]

KAKA: Kuna jaribio.

FUNDI: La?

KAKA: Rivasi. Tajiri anasimamisha mapipa mawili uwanjani, nirudishe lori katikati bila kugusa. Nikigusa, anampa yule kijana funguo. Utingo wangu! Niliyemfundisha mimi kushika usukani!

FUNDI: Kwa nini akujaribu? Una miaka ishirini na sita barabarani.

KAKA: Niligonga nguzo ya geti. Kidogo tu. Kila mtu anagonga nguzo.

FUNDI: Mara moja?

KAKA: ...Na kabla yake kioo cha pembeni cha gari la mtu. Na ile ngazi ya ghala. Vitu vidogo vidogo.

FUNDI: Ndiyo ukaamua kujifunza rivasi kwenye katuni.

KAKA: Nafanya mazoezi! Gemu hilo lina rivasi safi, vioo vyote viwili, kila kitu. Ila nikitupa jicho kwenye kioo cha kushoto, hiyo skrini yako inawasha kiberiti, napoteza nguzo, nagonga. Tangu juzi nimegonga mara kumi na tisa. Mashine mbovu inanivuruga!

FUNDI: Mashine yangu.

KAKA: Mashine yako.

FUNDI: Mashine niliyoifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Haya. Una waya wa kuunganisha na tivii?

KAKA: Nilishaunganisha jana. Kwenye tivii ya sebuleni.

FUNDI: Ikawaje?

KAKA: Vilevile. Kiberiti.

FUNDI: Upande gani wa tivii?

KAKA: Kushoto, nimeshakwambia.

FUNDI: Kwenye tivii pia kushoto.

KAKA: Ndiyo! Kwa hiyo si skrini, si ndiyo? Ni kitu cha ndani. Fundi wa kona alisema chipu ya picha.

FUNDI: Fundi wa kona akasome kwanza. Chipu ikifa inatapika mistari, inapaka rangi skrini nzima. Haichagui upande kama mtu anayechagua kiti cha dirishani. Wifi yupo?

KAKA: Yupo jikoni. Wa nini?

FUNDI: Mwite. Umkalishe pale unapokaa, acheze yeye.

KAKA: Mama watoto hajui kompyuta.

FUNDI: Sihitaji ajue. Nahitaji atazame.

KAKA: Alishatazama. Anasema haoni kitu.

FUNDI: Lini?

KAKA: Wiki nzima anasema haoni kitu. Nami namwambia, wewe hujui hata kuiwasha, utaonaje hitilafu?

FUNDI: Mungu wangu. Yaani shahidi unaye ndani ya nyumba, umemfukuza kwa sababu hana cheti. Mwite!

KAKA: Usinipigie kelele.

FUNDI: Mwite, Kaka.

KAKA: Mama watoto! Njoo mara moja. Njoo... Kaa hapa. Shika hivi. Bonyeza mshale huo, lori linarudi nyuma. Tazama upande huu, wa kushoto. Umeona? Hiyo hapo! Hujaiona? ... Hiyo tena!

FUNDI: Anasemaje?

KAKA: Haoni. Anasema haoni kitu, tena amerudisha lori katikati ya nguzo bila kugusa, anacheka.

FUNDI: Mpe yeye lori Jumatatu.

KAKA: Mzaha huo.

FUNDI: Umeona kiberiti wakati yeye anacheza?

KAKA: Mara mbili.

FUNDI: Mmekaa mbele ya skrini moja, dakika moja. Wewe mara mbili, yeye sifuri.

KAKA: Ndiyo maana nasema hajui—

FUNDI: Nyamaza. Izime.

KAKA: Nini?

FUNDI: Zima laptopu. Usiifunike tu, izime kabisa. Mwambie wifi asitoke.

KAKA: Ikizimwa utaichunguzaje?

FUNDI: Wewe ni fundi? Izime.

[mkwaruzo]

KAKA: Imezima.

FUNDI: Mapazia?

KAKA: Nimeyafunga. Skrini yako haina mwanga, bila kufunga mapazia huoni barabara.

FUNDI: Usiyafungue. Tazama ukuta. Huo ukuta mtupu. Sasa peleka macho kushoto haraka, halafu kulia. Kushoto, kulia. Kichwa kitulie.

KAKA: Ujinga gani huu?

FUNDI: Fanya.

KAKA: Nafanya. Kushoto... kulia... ku—

[kimya]

FUNDI: Kaka. Umekiona?

KAKA: Ukutani kuna... Bisibisi, kiberiti kiko ukutani.

FUNDI: Laptopu imezimwa.

KAKA: Imezimwa.

FUNDI: Ziba jicho la kulia kwa kiganja. Ubaki na la kushoto.

KAKA: Nimeziba.

FUNDI: Unaona nini?

KAKA: Naona ukuta. Naona... Kuna vidude. Kama inzi wadogo wanashuka. Na huku kona ya chini—

FUNDI: Kuna nini?

KAKA: Pamefunikwa. Kama pazia limekamata kona. Nikilitazama linakimbia.

FUNDI: Tangu lini?

KAKA: Sijui. Sijawahi kuziba jicho.

FUNDI: Sasa unanielewa? Umehama skrini, kiberiti kimehama nawe. Umehamia tivii, kikaja. Umehamia ukutani, kipo. Kitu kinachokufuata kila unapohamia unacho mwilini. Waya wa fundi wa kona ungeingia wapi?

KAKA: Ni uchovu. Nitalala leo vizuri, kesho—

FUNDI: "Nani anawasha kiberiti hapo kushoto?" Nani alikuwa anasema hivyo? Nakuuliza.

KAKA: Najua nani.

FUNDI: Mtaje.

KAKA: Mama.

FUNDI: Aliuliza wiki nzima. Hakuna aliyewasha kiberiti, umeme ulikuwepo. Ukasema anazeeka. Nikakwambia tumpeleke, wewe ndiye mwenye gari, mimi nilikuwa mwanafunzi sina hata baiskeli. Ukasema subiri nirudi safari. Wiki tatu! Uliporudi, daktari akasema ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga umebanduka wote, mngekuja mapema ungeshikizwa.

KAKA: Mzigo ulikuwa umeshapakiwa, ningefanya nini?

FUNDI: Mzigo! Miaka yote hii bado unanijibu mzigo!

KAKA: Sikujua!

FUNDI: Hukutaka kujua. Ndivyo ulivyo. Jicho la Mama, uzee. Nguzo ya geti, kila mtu anagonga. Macho ya mkeo, hajui kompyuta. Kila kitu kibovu duniani isipokuwa wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka yangu, na wewe umeumbuliwa na gemu.

KAKA: Nitakwenda Jumanne.

FUNDI: Umesema?

KAKA: Jumatatu nafanya jaribio, Jumanne asubuhi nakwenda hospitali. Nakuapia.

FUNDI: Kliniki ya macho inafunga leo saa tisa. Kesho haifungui, keshokutwa haifungui. Hilo pazia ndio huo utando unabanduka, na umesema liko kona ya chini. Likifika katikati, umekwisha. Unadhani litakusubiri umalize rivasi?

KAKA: Nisipokwenda Jumatatu yule kijana anachukua lori. Lori langu! Miaka ishirini na sita!

FUNDI: Ukienda utagonga pipa la kushoto. Umegonga mara kumi na tisa bila tajiri kukutazama, atakapokutazama ndiyo utaliona? Lori huna, Kaka. Lori lishakwenda. Tunagombania jicho.

KAKA: Una moyo mgumu wewe.

FUNDI: Ndiyo. Niligawana na wewe.

KAKA: Basi nitachukua ile pikapu ya jirani, nijipeleke.

FUNDI: Ujipeleke?

KAKA: Si mbali.

FUNDI: Utaendesha! Haoni kushoto, ataendesha! Kaka, una akili kweli, au na zenyewe ulimpelekea fundi wa kona?

KAKA: Mimi siendeshwi na mtu. Sijawahi kuendeshwa.

FUNDI: Leo utaendeshwa. Utakaa kiti cha nyuma, kimya, kama mzigo wa saruji. Mpe wifi simu.

KAKA: Subiri kwanza—

FUNDI: Sibishani nawe tena, nimechoka na wewe. Mpe simu mwenye macho! ... Wifi? Hujambo, wifi yangu. Pole, na pole zaidi kwa kuishi na huyo. Sikiliza. Teksi, sasa hivi. Hospitali kuu, kliniki ya macho. Ukifika dirishani usiseme macho yanauma, maana hayaumi, watakupanga foleni. Sema anaona vimulimuli na pazia kwenye jicho la kushoto, na mama yake alipofuka jicho hivyohivyo. Eh. Hivyohivyo. Asiiname, asibebe kitu, asisugue jicho. Akitaka kuongea kuhusu lori, usimjibu. Nakuja na Mama, tutawakuta pale getini. ... Najua, wifi. Najua ulimwambia. Mrudishie.

KAKA: Haloo.

FUNDI: Umesikia?

KAKA: Nimesikia. Anavaa viatu. Haraka hiyo, amevaa vya rangi mbili.

FUNDI: Mwache avae. Na wewe vaa.

KAKA: Kwa hiyo laptopu...

FUNDI: Laptopu ni nzima! Ilikuwa nzima siku zote. Kama fundi wa kona hakuikata kitu, ni mashine nzuri, nimeitengeneza mimi.

KAKA: Ni nzuri.

FUNDI: Eh?

KAKA: Nimesema ni nzuri. Mashine. Umetengeneza vizuri.

FUNDI: Salio lako linalia.

KAKA: Nalisikia. Bisibi— Mdogo wangu. Mama anatusikia?

FUNDI: Ameacha kukunja nyaya tangu nilipotaja kiberiti.

KAKA: Mwambie... ile safari. Mwambie ule mzigo nilioufuata, mpaka leo nikipita ile njia panda niliyoshika siku ile huwa na—

FUNDI: Huwa nini?

KAKA: Huwa nasi—

FUNDI: Kaka? Haloo? Huwa nini? Haloo!

[mlio wa simu kukatika]

FUNDI: Limekwisha. Mtu na lori lake, hana salio la kumalizia sentensi. ... Hapana, Mama, si mteja. Ndiyo, ni yeye. ... La kushoto. Lilelile la kwako. ... Tunawahi, Mama, ndiyo kwanza limefunika kona, tunawahi. Nipe hizo nyaya, shika fimbo yako. ... Pole? Hapana, hakusema pole. Alikuwa anaifuata, salio likamwishia njiani. Inuka, twende akaimalizie mbele yako.